Maziwa Yaliyonuka Moshi

Maziwa yake yalinuka moshi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza nililomkuta nalo yule muzee, na la pili ni kwamba alikuwa hasali. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto mgongoni, titi moja limefungwa bendeji, na makosa hayo mawili yalinitosha kumhukumu mtu.

Nianze na titi, maana bila titi hakuna habari. Tulikuwa tumehamia Goma kutoka Bukavu, mimi na mume wangu. Yeye ni karani wa dwani, ofisi ya ushuru. Walipomtuma Bunagana, mpakani, alipanda lori akaniacha katika nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkeno, akawa anarudi mara moja kwa mwezi, mara mbili barabara ikikubali. Binti yetu alipotimiza miezi mitatu homa ikanishika, titi la kushoto likavimba na kuwa gumu kama mawe ya uwanja wetu. Dispanserini wakalipasua. Usaha ukatoka, maziwa yakaenda nao. La kulia nalo likakauka, sijui ni homa, sijui ni woga. Ndani ya majuma mawili nikawa mama asiye na kitu cha kumpa mtoto isipokuwa kumbembeleza.

Maziwa ya unga hayakuwapo. Siku hizo magazini mengi, yale maduka ya wageni, serikali ilikuwa imeyapa wenyewe wapya, na kwenye rafu zake mlikuta viberiti, sabuni, na picha ya Rais. Infirmiye, muuguzi wa dispanseri, mwanaume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyenieleza la kufanya.

"Maziwa ya ngombe, mama. Chupa mbili ya maziwa, chupa moja ya maji ya kuchemka, na sukari kijiko. Usizidishe maji, usipunguze. Ya ngombe ni nzito, tumbo ya mutoto haiiwezi vile iko."

Nikaandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya jiko. Nilisoma sekondari miaka minne. Mtu akinipa kanuni, naifuata.

Kwenye avenue yetu, mtaa wetu, maziwa yaliuzwa na watu wawili.

Wa kwanza ni huyo muzee. Alitoka vilima vya Masisi zamani, akawa anachunga ngombe wachache upande wa magharibi, kupita Katoyi, pale mawe yanapoanza kuachia majani. Kila asubuhi alikuja kwa miguu akiwa na vyombo viwili vya mti, vyeusi kwa uzee, vyenye vifuniko vya majani yaliyosukwa, akasimama kwenye njia panda. Hakuita wateja. Alivaa koti la mvua hata jua likiwaka. Watu walimcheka kwa jambo moja lililotokea kabla sijafika Goma, na kila mtu aliyenisimulia alilisimulia akishika mbavu. Alikuwa amesoma katekisimu miaka mitatu, hakukosa hata siku moja. Siku ya ubatizo wakasimama kwa mstari, nguo nyeupe, mishumaa, jamaa wameshuka kutoka vilimani na kuku zao. Padri akamfikia, akamuuliza: "Unamsadiki Mungu Baba Mwenyezi?" Muzee akafikiri. Akajibu: "Bado."

Padri akadhani hakusikia vizuri, akarudia. "Bado, padri. Nikidanganya hapa, nitasema ukweli wapi?" Akatoka kwenye mstari, akaweka mshumaa mezani, akaenda kukamua ngombe. Tangu siku hiyo hakurudi kanisani, na hakuna aliyejua kama ile "bado" iliwahi kuisha.

Wa pili ni mama kiongozi wa shirika letu. Shirika ni familia za avenue moja ambazo husali pamoja kila Jumatano, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na yeye ndiye aliyetuongoza. Naye ni mtu wa Masisi. Malori yalipoteremka asubuhi kutoka huko alipokea maziwa kwenye mabidoni, madumu meupe ya plastiki, akayauza mlangoni kwake kwa chupa. Nisimfanye shetani, hata kama ningetaka. Nilipofika Goma sijui mtu, ni yeye aliyekuja na kikapu cha makala ya kupikia. Nilipolala na homa ni watoto wake waliokuja kunitekea maji ziwani. Serikali ilipotuambia tutupe majina ya ubatizo, tubaki na ya mababu tu, ni yeye aliyeendelea kutuita kwa yale ya watakatifu, kwa sauti ya chini, kama anayetugawia kitu cha kuficha.

Nilianza na muzee kwa sababu moja tu: njia panda iko karibu. Nikanunua kwake siku tisa. Maziwa yalikuwa mazito, rangi yake kama siagi, na yalinuka moshi, moshi mkavu wa majani, si wa makala. Sisi watu wa Bukavu hatukukulia kwenye ngombe. Nilikunja pua. Mtoto alikunywa, lakini mimi nilikunja pua.

Mama kiongozi alinikuta nikichemsha.

"Unamupa mutoto hii?"

"Ndiyo, mama."

"Unasikia harufu?"

"Nasikia."

"Mwanangu, wewe umesoma. Fikiri. Mutu asiyeogopa Mungu, nini itamukataza kutia maji? Nini itamukataza kutia kitu ingine? Mimi nikitia maji, namwona Maria ananiangalia. Yeye nani anamwangalia? Ngombe?"

Tulicheka. Nilicheka sana, naukumbuka ule mcheko. Kesho yake nikaanza kununua kwake. Maziwa yake yalikuwa meupe pepe, mepesi, hayana harufu ya kitu. Nikaona ndiyo usafi.

Swali lake sikuliona kama swali. Tulikulia ndani yake. Bukavu, shuleni, masista walitufundisha kwamba bila Mungu mtu ni mnyama. Kisha somo la dini likaondolewa, akaingia mwalimu wa siasa, akatufundisha kwamba bila Chama mtu ni mnyama. Ubao ni uleule, chaki ileile. Hakuna aliyetuuliza kama tumewahi kukutana na mtu aliyekosa vyote viwili na ambaye hakuwa mnyama. Na mimi sikuuliza, nilikuwa nanakili.

Basi nikawa nampa mtoto. Chupa mbili za mama kiongozi, chupa moja ya maji ya kuchemka, sukari. Kila siku, kama karatasi ilivyosema.

Mwezi wa kwanza nilidhani anachelewa tu. Mwezi wa pili nilijua. Uso ulibaki mviringo lakini mikono ilikuwa ya mtoto mwingine. Nywele zilibadilika rangi, zikawa kama zile za mahindi. Nilimbonyeza mguu, alama ya kidole ikabaki. Na aliacha kulia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtoto mwenye njaa hulia, na majirani hulalamika. Wangu alinyamaza, akawa anatazama ukuta, na majirani wakanipongeza: "Mutoto wako ana adabu!" Niliogopa kutoka nje kwa ajili ya pongezi hizo.

Nilijua atakufa. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nimeanza kukunja nguo zake ndogo na kuziweka pembeni.

Jumatano shirika likaja kusali kwangu. Wamama kumi na wawili, benchi zimeazimwa, Maria wa plasta mezani. Baada ya rozari mama mmoja wa kwaya alimshika mtoto, akamnusa tumboni.

"Huyu alikunywa maziwa ya yule mupagani?"

"Siku tisa tu. Mwanzoni."

"Basi. Ule moshi ni dawa yao. Wanafukizia chombo, wanasema maneno ya ngombe. Ikiingia tumboni haitoki."

Mama kiongozi hakusema kitu. Hilo nimelitafuna miaka. Yeye ni mtu wa vilima, anajua moshi ule ni nini kama ninavyojua sabuni ni nini. Alitazama sakafu, akapanga shanga za rozari mkononi, akaacha maneno yapite.

Kesho yake asubuhi nikaenda njia panda. Muzee alikuwa amesimama, wamama watatu wanangoja na vyombo vyao.

"Muchawi! Ulimupa mutoto wangu nini?"

"Mama, nilikuuzia siku tisa. Ukaacha. Iko miezi mbili."

"Ni hiyo siku tisa! Wewe huna Mungu, huna haya, unauza dawa ya kuua watoto!"

Nikakamata chombo kimoja kwa mikono miwili, nikakipindua. Mawe yetu yana matundu, hayaachi kitu juu. Maziwa yalikuwa meupe juu ya weusi kwa kitambo cha kupepesa jicho, kisha hayapo. Hata kuku hawakupata.

Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimesimama kama mtu anayengoja kupigwa. Aliinama, akaokota chombo, akafuta mdomo wake kwa mkono wa koti. Akanionyesha mmoja wa wale wamama, mwembamba, sufuria tupu mkononi.

"Ile ilikuwa ya mapacha yake," akasema. "Umemwaga ya watoto ya mwenzako."

Yule mama hakunitukana. Aligeuka na sufuria yake akaenda. Na mimi nikarudi nyumbani nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa ujasiri alionipa. Nimeandika hilo kwa kusudi, maana ndilo ambalo ningependa zaidi kulisahau.

Juma lililofuata nikampeleka mtoto kwenye kilo, kupimwa uzito. Infirmiye alimwangalia, akamwondoa haraka kwenye mzani kama kitu kinachochoma.

"Unamupa nini?"

"Maziwa. Vile ulisema."

"Si kweli."

"Ni kweli! Chupa mbili, chupa moja, sukari. Kuja uone karatasi kwa ukuta!"

"Mama, usinipigie makelele. Kesho uniletee ile maziwa yenyewe. Usichemshe, usiguse."

Nikaleta. Alikuwa na kipimo cha kioo, kama kalamu yenye tumbo, cha zamani za wazungu. Alimimina maziwa katika silinda, akatumbukiza kile kioo. Kikazama karibu chote. Akakitoa, akakipangusa, akakitumbukiza tena. Kisha akafanya kitu ambacho sikumsamehe kwa muda mrefu: alicheka.

"Mama, hii ni maji iliyopita karibu na ngombe."

"Nini?"

"Nusu ni maji. Pengine zaidi. Na maji yenyewe ni ya ziwa, haina chakula ndani, ndiyo sababu anakwisha. Halafu na wewe unaongeza ingine juu?"

"Ni wewe ulinituma!"

"Nilikutuma kwa maziwa."

Niliketi kwenye benchi. Nilipiga hesabu ile kichwani, hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Nilikuwa nimemlisha binti yangu maji kwa miezi miwili, kwa kufuata kanuni, na kwa sukari.

"Katika mutaa yenu hakuna ngombe?" akauliza, sasa kwa upole. "Tafuta maziwa inayonuka moshi."

"Ile ni dawa ya kipagani."

"Nani amekudanganya? Watu ya ngombe wanaosha chombo, wanachoma majani, wanakiinamisha juu ya moshi. Ndiyo inakataza maziwa kuoza. Wewe unaosha chupa ya mutoto na nini? Na maji moto, ndiyo? Wao na moshi. Ni usafi, mama. Ni usafi tu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilifika kwa mama kiongozi na mtoto mgongoni na ile chupa mkononi. Walikuwa katikati ya fumbo la tatu la rozari. Nikapita kati ya magoti yao, nikaiweka chupa mezani, mbele ya Maria.

"Kunywa," nikamwambia.

Mama wa kwaya akanivuta kitenge. "Usiharibu sala! Ngoja tumalize kumi."

Na nikangoja! Hapo ndipo hasira yangu inaponirudia hata leo, nikifua, nikisaga muhogo. Mtoto wangu anakufa, mimi nimesimama ndani ya nyumba ya anayemwua, nangoja Salamu Maria saba zilizobaki. Nilizoezwa vizuri mno.

Walipomaliza mama kiongozi aliangalia chupa. Alijua. Uso wake ulishuka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

"Ni juu ya mvua," akasema. "Lori zilikuwa zinateremka na mabidoni mbili, zamani zilileta sita. Na nyinyi wote munangoja, kila mutu na mutoto wake. Nitamufukuza nani? Nilitia kidogo ili kila mutu apate."

"Kidogo?"

"Mwanzo ilikuwa kidogo."

"Na Maria alikuwa anakuangalia?"

"Mwanangu, sikujua kama na wewe unatia. Naapa mbele ya Mungu. Ungeniambia kama na wewe unatia!"

Nakiri, hakudanganya. Hakutaka kumwua mtu. Alitaka kila mmoja wetu aondoke na chupa iliyojaa na kumwambia asante mama. Alikuwa mwema kwetu kwa maji ya ziwa. Lakini alikaa kimya nilipomwita mwingine mchawi, na kimya kile hakikutoka kwenye mvua.

Nikatoka. Njia panda hapakuwa na mtu. Tangu nilipomwaga chombo muzee alikuwa ameacha kuja avenue yetu. Aliuzia upande wa kwao. Nikaenda kwa miguu mpaka Katoyi na kupita, mawe yakinikata viatu vya plastiki, nikitunga maneno njiani. Nilitunga vizuri, kwa mpango wa kuungama tuliofundishwa: nimekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo. Nilimkuta ameketi juu ya gogo, anasuka kifuniko.

Nikapiga magoti. "Papa, nilikukosea. Nilikuita muchawi, nilimwaga kazi yako, haukukuwa na kosa. Naomba unisamehe."

Aliendelea kusuka mpaka mwisho wa duara.

"Uko na chombo?" akauliza.

Sikuwa nacho. Nilikuwa nimetembea njia yote hiyo na toba tayari, na nilikuwa nimesahau chombo.

"Papa, unisamehe kwanza."

"Mama, ulikuja kutafuta maziwa ao kutafuta musamaha? Musamaha sina. Labda itakuja, labda haitakuja, sijui. Maziwa iko." Akamwangalia mtoto begani kwangu. "Nenda pale kwa jirani, azima sufuria. Fanya haraka, iko anachoka."

Nikaazima. Akanipimia. Ilijaa mpaka ukingoni, na alipoona povu alingoja lishuke, akaongeza. Nilipomwambia nitaleta zawadi alikunja uso, akasema nirudishe sufuria ya watu.

Usiku ule... hapana, ilikuwa bado jioni, jua lilikuwa juu ya ziwa. Niliyachemsha, na juu yake ikaja ngozi ya mafuta, nene, ya njano. Nikaiangalia ngozi ile kama mtu anayesoma barua. Maziwa ya mama kiongozi hayakuwahi kutoa ngozi, hata siku moja, na mimi kwa miezi miwili sikujiuliza kwa nini.

Mume wangu alipokuja kutoka Bunagana nilimweleza yote. Alisikiliza, akavua viatu, akasema: "Ulinunua rozari, ukamunyonyesha mutoto." Nilimtupia kijiko. Kijiko kilimkosa, lakini maneno yake hayakunikosa.

Baada ya majuma matatu mama kiongozi akaja na jogoo. Alikuwa ameungama kwa padri, akapewa kitubio, akakitimiza, Jumapili akapokea komunyo. Uso wake ulikuwa umepona. Mtoto wangu alikuwa bado hajapona. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Tupatane, mwanangu."

"Siwezi, mama."

"Mungu amenisamehe. Wewe ni nani ukatae?"

"Mimi ni ule aliyekuwa anakoroga ile chupa."

Alilia. Nilimwona analia kweli, si kwa kujionyesha, na bado sikuweza. Alimwacha jogoo. Sikumchinja, alizunguka uwanjani mpaka akaibiwa. Watu wa shirika walisema mimi ni mwenye moyo mgumu, kwamba yeye aliyekosa ametubu na mimi niliyekosewa ndiye niliye dhambini. Pengine ni kweli. Nimechoka kulichambua. Najua tu kwamba wao waliniletea msamaha wakataka niupokee na kuurudisha palepale, kama sahani ya jirani, na kwamba muzee hakunipa hata punje ya msamaha, na ni kwake mtoto wangu alipoanza kupata mashavu.

Watoto wangu wakikua watafundishwa nilivyofundishwa, na wakija kuniuliza nitawajibu hivi. Sisemi kwamba wasiosali ni wazuri. Nawajua wezi wengi ambao hawajaona mlango wa kanisa. Wala sisemi sala ndiyo inayotia maji ndani ya maziwa. Mama yangu Bukavu husali asubuhi na jioni, na sijamwona akidhulumu hata kuku. Mimi mwenyewe bado naenda misa. Nakaa nyuma, karibu na mlango. Usiku wa kuamkia Pasaka, padri anapotuuliza wote kama tunasadiki, na kanisa zima linanguruma "Tunasadiki", namkumbuka mtu mmoja aliyeulizwa swali hilo akalichukua kama swali. Tulimwita mpagani kwa sababu alikataa kusema asichokijua. Na ni mdomo uleule, mkono uleule uliotupimia maziwa. Tulitegemea amdanganye padri, halafu atuambie kweli sisi?

Nilimwuliza siku moja. Nilikuwa nakwenda kwake kila asubuhi, na hakuwahi kunisalimu. Alimsalimu mtoto, alimwita "mama mukubwa", akamtolea ulimi. Mimi alinipimia. Hakunipunguzia tone, hakunizidishia. Nikashindwa kuvumilia.

"Papa, wewe husali. Nini inakukataza kutia maji?"

Alinitazama kama niliyemwuliza kwa nini hali mawe.

"Maji inaharibu maziwa."

"Hiyo tu?"

"Mutoto anaikunywa." Akafunika chombo. "Ulitaka nini ingine?"

Nilitaka kitu kingine, ndiyo. Nilitaka kitu kikubwa, chenye sura na aya, cha kubandika ukutani. Niliondoka nimekasirika.

Sasa niseme la mwisho, ambalo halinipi sifa. Mvua zilirudi. Barabara za Masisi zikakatika, majani upande wa Katoyi yakaoza kwa maji, ngombe wakawa wakikohoa. Binti yangu alikuwa na miezi kumi, ameanza kujivuta kwa magoti, na njaa yake ilikuwa imerudi yote kwa pamoja, kama mtu aliyekuwa safarini. Asubuhi moja nilifika nimelowa, nikakuta wamama tisa wamesimama kimya. Yule wa mapacha alikuwa mbele. Muzee alikuwa na chombo kimoja tu.

"Leo iko nusu," akasema. "Kila mutu nusu. Kesho sijui."

Akapima. Akampa wa mapacha, akampa anayefuata. Mama mmoja akaanza kumtukana: "Nusu nitafanya nayo nini, muzee? Mutoto ataelewa nusu?" Aliendelea kupima. Alipofika kwangu akamimina mpaka katikati ya sufuria, akainua mkono. Niliiangalia ile nusu. Mgongo ulikuwa unaniuma, viatu vimejaa maji, nyumbani sina hata unga. Na nikasikia ndani yangu, wazi kabisa, maneno haya: si aongeze maji kidogo anijazie? Kidogo tu. Nani ataona?

Hivyo ndivyo nilivyomwelewa mama kiongozi, pale mvuani, kwa mara ya kwanza. Kumwelewa tu, si kumsamehe. Lakini nilijua sasa maji yale yalitoka wapi. Hayakutoka mbali na mimi.

"Ni nusu, mama," muzee akasema. Alikuwa akisema nami, si na mtoto. "Usiongeze maji nyumbani leo. Ako mukubwa sasa, mupe vile iko."

Nikarudi na nusu yangu, mkono juu ya sufuria ili mvua isiingie. Nikachemsha, ngozi ikaja. Nikampa. Alimaliza haraka, akalamba kikombe, akakitazama ndani, akanitazama mimi.

Kisha akaanza kulia. Alilia kwa nguvu zake zote, miguu inapiga, uso mwekundu, sauti ikapenya mbao ikatoka barabarani. Jirani akagonga ukuta. "We mama! Mutoto wako amekosa adabu?"

"Amekosa!" nikamjibu. "Mumuache alie!"

Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Niliketi chini karibu naye, nguo bado zinachuruzika, nikamsikiliza mpaka akanyamaza mwenyewe.